Mbunge, Tajiri au Mtendaji: Tumpime Vipi Anayetaka Ugavana wa Mombasa?

Baada ya Isha, kwenye baraza moja la kahawa huko Bondeni, alitujia bwana anayetaka ugavana. Alifuatana na vijana wawili wa kupiga picha na wa tatu wa kumshikia simu. Mzee wa kahawa hakushughulika naye. Aliinua dele kutoka kwenye makaa, akamimina, akagonganisha vikombe viwili kama kawaida yake. Mgeni akaanza: bandari itarudi Mombasa, ajira zitarudi, maji yatafika kila nyumba ndani ya siku mia moja. Alipotua kumeza funda, babu mmoja aliyekuwa kimya na tasbihi yake akamuuliza, "Mheshimiwa mwanangu, hayo maji tunayokunywa sasa yatoka wapi?"

"Babu, tutachimba visima."

"Sikukuuliza ya kesho. Ya leo, yatoka wapi?"

Bwana hakujua. Vijana wa picha wakashusha simu zao taratibu.

Tangu usiku ule nimelichukua swali la yule babu kuwa kipimo changu. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na kila nikikaa maskani naona watu wamegawanyika mafungu matatu. Kuna wanaotaka mwanasiasa aliyekwishaiva bungeni. Kuna wanaotaka mfanyabiashara mwenye pesa zake. Kuna wanaotaka mtendaji, yaani katibu, daktari, mhandisi au mhasibu aliyekula chumvi ofisini. Orodha rasmi ya wagombea ni kazi ya tume ya uchaguzi, IEBC, na wakati wake utafika, kwa hiyo hapa nalinganisha aina ya watu, si majina.

Kazi yenyewe ni ipi

Huwezi kujua kama mtu yuko tayari kwa kazi usiyoijua wewe mwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawanya majukumu. Gavana ana hospitali za kaunti na zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijana, barabara za kaunti, masoko, leseni, usambazaji wa maji, majitaka na taka. Polisi si wake. Shule za msingi na sekondari si zake. Vyuo vikuu si vyake.

Bandari ndipo penye utata, na ndipo wagombea wanapotuchezea. Jedwali lile lile linataja vivuko na bandari katika kazi za kaunti, ila linaondoa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Kwa vitendo, Kilindini na feri ya Likoni ziko chini ya Mamlaka ya Bandari, ambayo ni shirika la serikali kuu. Mgombea akikwambia "nitairudisha bandari", usimpigie makofi wala usimzomee. Muulize kwa njia gani: mahakamani, kwa mazungumzo na Nairobi, au kupitia Seneti? Aliye tayari atakuwa na jibu, hata kama hulipendi. Asiye tayari atapandisha sauti.

Na maji ya yule babu? Yanatoka Mzima, Taita Taveta. Yanatoka Baricho, Kilifi. Yanatoka Marere na Tiwi, Kwale. Bwawa la Mwache nalo liko Kwale. Vyanzo vyote hivyo viko nje ya mipaka yetu. Maana yake ni kwamba gavana wa Mombasa, kabla hajaahidi hata mtungi mmoja wa lita 20, ana magavana watatu wa kuketi nao. Visima vinaweza kusaidia mtaa, lakini haviwezi kunywesha kaunti iliyohesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019.

Tena kuna hesabu. Mgao wa Mombasa kutoka hazina kuu ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka, na juu yake kaunti hukusanya ada na kodi zake. Sheria za fedha zinataka asilimia 30 ya bajeti angalau iende kwenye maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Hapo katikati kuna madeni ya wakandarasi yaliyolimbikizwa. Anayekuahidi kuajiri vijana elfu kadhaa amepiga hesabu hiyo, au anategemea wewe hukuipiga?

Vipimo vinne

Vyeti ni mlango tu. Sheria ya Uchaguzi inataka gavana awe na shahada, na kuna masharti ya maadili pia. Mombasa tulishaona mlango ukifungwa: mwaka 2022 Mike Sonko alitaka kugombea hapa, lakini alikuwa ameondolewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, na Mahakama ya Juu ilipoidhinisha kuondolewa kwake, safari ikaishia hapo. Lakini kuupita mlango si sawa na kuwa tayari. Wanaoupita nawapima hivi:

*Kuijua kazi.* Anajua mipaka ya ofisi, au anahutubia kama anagombea urais?

*Pesa za wengine.* Ameshawahi kushika fedha zisizo zake, na hesabu zake ziko wapi?

*Watu wake.* Nani atakuwa naibu, nani mawaziri? Kwa Mombasa mawaziri wa kaunti hawazidi kumi, na deni la kampeni huwa na mikono mingi zaidi ya kumi.

*Akiambiwa hapana.* Hiki ndicho kipimo ninachokipenda na ndicho kinachosahaulika. Madiwani wakikataa bajeti yake, mahakama ikisimamisha mradi wake, chama kikimnyima tiketi, hufanya nini? Si jambo dogo. Hoja ya kumwondoa gavana ikiungwa mkono na theluthi mbili ya madiwani hupelekwa Seneti. Meru walimchagua Kawira Mwangaza mwaka 2022 akiwa mgombea huru, asiye na chama kwenye bunge la kaunti. Kabla ya miaka miwili kwisha madiwani walikuwa wamemfikisha Seneti mara tatu, na mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikakubaliana nao. Unaweza kumtetea au kuwatetea madiwani. Vyovyote iwavyo, mwananchi ndiye aliyekaa akingoja huduma wakati wakubwa wanavutana.

Wa kwanza: mwanasiasa aliyepanda ngazi

Huyu Mombasa tunamjua kuliko wote. Magavana wetu wawili wametoka Bunge la Taifa: Hassan Joho alikuwa mbunge wa Kisauni kabla ya 2013, na Abdulswamad Nassir alikuwa mbunge wa Mvita hadi 2022. Hatujawahi kujaribu kingine. Kuna anayeona hiyo ni sababu ya kuendelea, na kuna anayeona ni sababu ya kubadilisha. Sioni kosa kwa yeyote.

*Kuijua kazi.* Anajua milango ya Nairobi, na anajua jinsi mgao wa kaunti unavyopiganiwa kila mwaka baina ya Bunge na Seneti. Hilo si haba. Kasoro yake ni mazoea. Kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kusimamia serikali, si kuendesha hospitali. Wengi huja na fikra za CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneobunge: basari na madarasa. Akijisifu kwa madarasa ya sekondari, mkumbushe kwa adabu kwamba akiwa gavana hayatakuwa kazi yake.

*Pesa za wengine.* Hapa ana faida kubwa: pesa za CDF huacha nyayo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa kwa kila eneobunge na zinasomeka bure mtandaoni. Lakini usiishie kusoma. Mimi nilikwenda kutazama miradi miwili ya mbunge mmoja, wa eneo nisilolitaja. Wa kwanza ulikuwa darasa lenye mifereji ya bati inayomwaga maji kwenye tangi, na mlango wenye kufuli na mtu mwenye ufunguo. Wa pili ulikuwa ubao. Ubao mzuri, umeandikwa jina la mheshimiwa kwa rangi ya samawati, umesimama kwenye kiwanja cha magugu, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo yake. Nusu saa ile ilinifunza mengi kumhusu kuliko mikutano yake yote ya uwanja wa Tononoka.

*Watu wake.* Ana jeshi tayari, na hapo ndipo shida inapozaliwa. Waliombebea kura tangu wadi za mwanzo watataka kulipwa vyeo. Tazama ofisi yake ya sasa: msaidizi wake ni mtu wa kazi, au ni mtoto wa shangazi?

*Akiambiwa hapana.* Rekodi ipo, iangalie tu. Aliposhindwa mchujo alifanya nini? Mswada wake ulipoangushwa, aliurekebisha au alisusa?

*Anamfaa nani.* Anayeona shida kubwa ya Mombasa ni kunyimwa haki na Nairobi, basi anataka mtu wa kugombana na kupatana na wakubwa.

Wa pili: mfanyabiashara

Naye si mgeni kwenye karatasi zetu za kura. Suleiman Shahbal, kwa mfano, aligombea 2013 na 2017 bila kushinda. Nairobi walimpa nafasi mtu wa aina inayokaribiana na hiyo: Evans Kidero, aliyetoka kuongoza kampuni ya sukari ya Mumias, wakamchagua 2013 na kumwondoa kwa kura 2017.

*Kuijua kazi.* Anajua gharama ya siku moja ya kuchelewa. Anajua leseni moja inavyozungushwa meza kwa meza. Huenda yeye mwenyewe amefungiwa duka na kanjo. Uchungu huo ni elimu. Ila kaunti si kampuni. Hawezi kumfukuza mfanyakazi asubuhi akaajiri mwingine jioni, maana kuna Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Hawezi kununua bila zabuni. Bajeti lazima ipite kwa madiwani, na mwaka wa fedha unaanza Julai, awe tayari asiwe tayari.

*Pesa za wengine.* Mabarazani hupenda kusema, "Huyu hatatuibia, anazo." Hoja hii naiona dhaifu. Aliyenazo huwa pia na kampuni, viwanja, makontena na mashemeji wenye tenda. Swali si kama ana njaa. Swali ni kama biashara zake zitakutana na maamuzi yake, na siku zikikutana atakaa upande gani. Kwa upande wa kumtendea haki: mtu aliyelipa mishahara ya watu mia mbili kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi ameonyesha nidhamu ambayo wabunge wengi hawajawahi kudaiwa. Kwa hiyo usimuulize yeye. Waulize hamali wake, madereva wake, waliomuuzia mbao na saruji. Walilipwa lini?

*Watu wake.* Huwa na mameneja wazuri, waliozoea kupewa kazi na kuulizwa matokeo. Hatari yake ni kuongoza kaunti kama duka la familia, ndugu kaunta na mwana kwenye hesabu.

*Akiambiwa hapana.* Hapa mtazame sana. Dukani neno la mwisho ni lake. Kwenye kaunti kuna madiwani wa wadi 30 na wengine wa kuteuliwa, kila mmoja na lake, na baadhi yao hawajui hata bei ya saruji. Atakaa nao saa sita kwenye kikao? Au atachoka na kuwanunua? Yote mawili yameshaonekana nchini.

*Anamfaa nani.* Anayeishi kwa biashara na kuona kero yake ni ada zinazorudiwa rudiwa, masoko machafu na ofisi zisizojibu.

Wa tatu: mtendaji

*Kuijua kazi.* Ndiye anayeijua kuliko wote, kwa undani kuliko hata wanaomhoji. Atakueleza kwa nini zahanati inakosa dawa: si kwamba hazipo nchini, ni kwamba deni la shehena iliyopita halijalipwa. James Ongwae alikuwa katibu wa wizara kabla ya kuwa gavana wa Kisii, na akamaliza vipindi vyote viwili, 2013 hadi 2022. Kwa hiyo wanaosema mtumishi wa serikali hawezi kushinda kura, wamesahau.

*Pesa za wengine.* Taasisi aliyoiongoza ina ripoti za ukaguzi kwa kila mwaka. Zitafute za miaka yake, uzilinganishe na za kabla na za baada. Kuna jambo lingine dogo linaloonyesha nia: sheria inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, ilhali mbunge anagombea akiwa bado na kiti na mshahara. Anayeacha kazi ya uhakika kwa ajili ya kura amejitia hatarini. Haimfanyi kuwa bora, lakini ni gharama ambayo mwenzake hailipi.

*Watu wake.* Udhaifu wake mkubwa uko hapa. Hana vijana wa mtaani, hana wazee wa chama, hana pesa za lesso na fulana. Basi anapatikana tajiri wa kumgharamia. Kampeni ya mtu asiye na pesa ina mwenyewe, na mwenyewe huyo hatakuwa kwenye karatasi ya kura. Muulize bila haya: "Gari hili ni la nani?"

*Akiambiwa hapana.* Nimewahi kumpeleka mamangu mkubwa kwenye zahanati moja, tukaambiwa mashine ya kupima ipo, mtaalamu yupo, ila karatasi zake za kupima zimekwisha na barua ya kuomba nyingine "iko mezani". Ilikuwa mezani wiki tatu. Aliyetueleza alikuwa mpole, msafi, na barua yake ilikuwa sahihi kabisa. Mtendaji wa namna hiyo akiambiwa hapana, huandika barua ya pili. Lakini wapo pia waliovunja mlango: mganga mkuu aliyekwenda mwenyewe bohari, mhandisi aliyekataa kutia saini barabara mbovu na akahamishwa kwa ajili hiyo. Tafuta kama mgombea wako ana kisa cha namna hii. Akiwa amekaa ofisini miaka ishirini bila kugombana na mtu yeyote, mimi naingiwa na wasiwasi.

*Anamfaa nani.* Mwenye mgonjwa, mwenye mtoto wa chekechea, na yeyote anayeona shida si ukosefu wa mipango bali mipango isiyotekelezwa.

Usimsahau naibu

Gavana na naibu wake huchaguliwa kwa kura moja, lakini naibu hupata nusu ya jicho. Waulize watu wa Nyeri. Mwaka 2017 pekee waliwazika magavana wawili, Februari na Novemba, na mara zote mbili naibu ndiye aliyeapishwa. Mombasa naibu huteuliwa kwa hesabu ya kabila na eneo, ili kura zijae. Sawa, siasa ni siasa. Lakini mpime kwa vipimo vile vile vinne.

Sasa wewe uko wapi

Ukiwa unakaa Likoni au Jomvu na kila asubuhi unanunua maji ya mkokoteni, swali lako la kwanza liwe la mapatano na Kwale, Kilifi na Taita Taveta. Hapo aliyezoea kukaa meza moja na wanasiasa wenzake ana mtaji, na mtendaji aliyewahi kufanya kazi kwenye sekta ya maji anao pia. Mfanyabiashara atahitaji kukuonyesha ni nani atakayemsaidia.

Ukiwa na kibanda Kongowea au duka Marikiti, wasikilize mfanyabiashara na mtendaji kwanza, kwa sababu ada na taka ni mambo ya uendeshaji. Ila mfanyabiashara umuulize pia kama ana vibanda vyake humo humo.

Ukiwa skwota na hati ndiyo dua yako, elewa kwamba neno la mwisho la ardhi liko kwa Tume ya Ardhi na wizara ya Nairobi. Mgogoro wa maskwota wa shamba la Waitiki kule Likoni ulitatuliwa na serikali kuu. Gavana anaweza kushinikiza, hawezi kutia saini. Chagua mwenye kifua cha kushinikiza, na umkimbie anayekuahidi hati.

Ukiwa kijana unayetafuta kazi, usihesabu nafasi anazotaja. Mwambie akueleze ile asilimia 35 ya mishahara na jinsi atakavyokupenyeza humo.

Ukiwa unachagua baina ya watu wa aina moja, wabunge wawili au matajiri wawili, basi linganisha manaibu na ripoti za ukaguzi, kwa sababu hotuba zao zitafanana.

Na kama wote wameshindwa swali la babu, usirudi nyumbani na kura yako. Siku hiyo utapewa karatasi sita. Mojawapo ni ya diwani wa wadi yako, ambaye ndiye atakayepitisha bajeti ya gavana, kuwapiga msasa mawaziri wake na kuwaita wajieleze. Naye huyo anakaa mtaani kwenu, na unajua saa anayotoka msikitini au kanisani. Mngoje pale nje umuulize maji yatoka wapi.